Babu anasema waligeuza treni kwa mikono, watu wanamcheka. Lile shimo la duara ni nini hasa?

"Shikamoo Injinia. Naishi Igoma hapa Mwanza lakini kwetu ni huko njia ya reli ya kwenda Tabora. Nyuma ya stesheni yetu ya zamani kuna shimo kubwa la duara la zege na mawe, upana kama hatua 24, kina kinanifika kifuani. Katikati kuna kisiki cha zege chenye bolti nene nne zimesimama, na kwenye ukuta chini kuna tundu mtu anaweza kupita kwa kutambaa. Hapo karibu kuna tangi la chuma lipo juu ya miguu. Watu wanasema alijenga Mjerumani na lile tundu ni handaki linatokea ziwani. Mwaka jana alikuja jamaa na mashine ya kupima, ikalia sana pale katikati, akasema chini kuna mali za Mjerumani. Baba mdogo kampa milioni mbili na laki tatu za 'kufungulia' na sasa anataka kuuza ng'ombe aongeze. Babu ana miaka 88, alifanya kazi reli, anasema pale walikuwa wanageuza treni kwa kusukuma kwa mikono. Watu wanasema ni uzee. Naomba ukweli, hilo shimo ni nini, na nimwambie nini baba mdogo? Nimeambatanisha picha."

Marahaba mwanangu. Kwanza nisamehe nimetoa jina la stesheni kwenye swali lako, nimefanya makusudi, maana nikiliacha wiki ijayo mtakuta watu wenye sururu wamejaa hapo. Na kabla sijaandika kingine chochote, mpigie simu baba mdogo leo hii umwambie ng'ombe wasitoke zizini. Haya mengine tutaelezana taratibu lakini hilo halisubiri.

Sasa babu. Babu yako akili zake ziko timamu kabisa kwenye jambo hili, alichokisema ndicho chenyewe, neno kwa neno. Hilo shimo ni la meza ya kugeuzia injini za mvuke, na ni kweli zilikuwa zinasukumwa kwa mikono na watu wawili watatu, injini yenye uzito wa tani 100 hivi ikiwa na maji yake, inazunguka kichwa kinakuwa mkia. Najua ukisikia hivyo unaona haiingii akilini, na hao wanaomcheka nawaelewa, maana meza yenyewe haipo tena, limebaki shimo tu, na shimo tupu kila mtu analitungia la kwake.

Nikueleze ilivyokuwa. Juu ya lile shimo palikuwa na daraja la chuma, boriti mbili kubwa zenye reli juu yake, urefu sawa na upana wa shimo. Hatua zako 24 ni kama mita 18, na hizo mita 18 ni futi 60, kipimo kilichotumika sana enzi za Mwingereza. Daraja halikushikwa pembeni, lilikaa kwenye mhimili mmoja katikati, na huo mhimili ulikaa pale kwenye kisiki chako cha zege, zile bolti nne ndo zilizoufunga. Pembeni kabisa chini ya shimo, ukifyeka majani vizuri, utakuta reli iliyokunjwa duara inayozunguka ukuta au kama imeshang'olewa utakuta mstari wa mashimo ya bolti umekwenda duara. Kwenye picha yako ya pili naiona kipande, upande wa kushoto chini ya ule mti wa mpera, ni kama mita moja na nusu ya reli imebaki imepinda. Juu ya hiyo reli ndo zilipita vigurudumu vidogo vya ncha za daraja.

Watu wengi wanadhani injini ilibebwa na vile vigurudumu vya pembeni, hapana. Kwenye meza za aina hii uzito wote ulitakiwa ukae kwenye mhimili wa kati, na vile vya pembeni vilikuwa vya kuzuia tu daraja lisilale upande mmoja. Dereva alikuwa anaiingiza injini taratibu sana, hatua kwa hatua, na mtu mmoja amesimama ukingoni macho yameganda kwenye vigurudumu vya ncha. Injini ikiwa bado haijafika sawa ncha moja inakuwa imekandamiza reli. Ikisogea kidogo mbele, kidogo tena, inafika mahali ncha zote mbili zinanyanyuka, uwazi wa upana wa kidole hivi, hapo yule mtu anainua mkono na dereva anafunga breki. Injini imekaa mizani. Umeshaona wale vijana wa Kirumba wanavyopakia magunia ya dagaa kwenye mtumbwi, wanasogeza gunia moja huku moja kule mpaka mtumbwi unakaa sawa? Ni hesabu hiyohiyo, isipokuwa hapa gunia ni moja na lina tani 100.

Ikishakaa mizani kazi imekuwa nyepesi, na sababu yake unayo hapo nyumbani kwako. Nenda kwenye mlango, usukume kwa kidole karibu kabisa na bawaba, halafu usukume kwenye kitasa. Karibu na bawaba unatoa jasho, kwenye kitasa unakwenda wenyewe. Kwenye meza kinachokwamisha ni msuguano wa pale kwenye mhimili, na mhimili ni mdogo, chuma kimekaa juu ya chuma na grisi katikati, wakati wasukumaji wako mita 9 mbali na hapo, kwenye ncha, wameegemea mti mrefu uliochomekwa kwenye daraja. Kwa hiyo msuguano unapigania kwenye umbali mfupi wa kiganja, wao wanasukuma kwenye umbali wa mita 9. Mwanzo tu ndo mgumu, kuiamsha, ikishaanza kwenda tatizo linakuwa kuisimamisha. Mimi enzi za steam sikuzikuta kazini, ila nilipokuwa najifunza ufundi niliwahi kusukuma meza tupu isiyo na injini, ilikuwa imekaa miaka haijatumika, tulimimina mafuta kwenye mhimili tukasubiri hadi jioni, tukasukuma wanafunzi wanne ikalia mlio mmoja mrefu kama mlango wa kanisa halafu ikaanza kwenda, na sikio langu mpaka leo naukumbuka ule mlio.

Na lile tangi la maji kuwa jirani halikuwekwa hapo kwa bahati. Injini inahitaji maji hilo linajulikana, lakini kuna jambo mafundi wa zamani walilijua kwa uzoefu, kwamba injini za aina hii zinavuta nyuma yake gari la maji na mafuta, wenyewe waliliita tenda, na tenda ikiwa tupu uzito mwingi unabaki mbele na mizani ya kwenye meza inakuwa shida kuipata, pengine daraja halitoshi kurudi nyuma. Tenda ikijaa inakaa vizuri. Kwa hiyo muulize babu kama walikuwa wanajaza maji kwanza ndo wanageuza, nitashangaa sana akisema hapana.

Kwenye picha tangi lenu lina vipande vya mraba vyenye alama ya X iliyobonyezwa kwenye bati, vimefungwa kwa bolti pembeni. Hivyo ni vipande vya futi 4 kwa 4, vilikuwa vinaletwa vimefungwa bapa kwa meli na mabehewa halafu vinaunganishwa hapohapo, kama unavyounganisha kabati. Nimehesabu vinne kwa vitatu na kimo viwili, hiyo inakuja lita kama 43,000. Kijiji hakikuhitaji tangi la namna hiyo miaka hiyo, aliyelihitaji ni injini.

Sasa kwa nini wageuze, si warudi kinyumenyume tu? Swali zuri na watoto wa siku hizi wanaliuliza sana kwa sababu wameona treni za dizeli zinakwenda popote. Injini ya mvuke yenye tenda ina mbele na ina nyuma. Chukua zile zilizotengenezwa Uingereza miaka ya 1950 kwa ajili ya shirika la reli la Afrika Mashariki, aina walizoziita daraja la 30 na la 31, zilikuwa na magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa katikati, na manne madogo nyuma. Yale mawili ya mbele kazi yake ni kuongoza, yanafika kwenye kona kwanza na kuishika pua ya injini iifuate. Ukirudi kinyume unaongozwa na tenda, na tenda haikutengenezwa kwa kazi hiyo, ukikimbia nayo unaweza kutoka relini. Halafu dereva haoni, mbele yake kuna ukuta wa tenda, anachungulia pembeni shingo imepinda, njia ndefu ya usiku yenye mifugo na watu. Kwa hiyo injini ikifika mwisho wa safari yake lazima igeuzwe itazame ilikotoka.

Kuna njia mbili za kuigeuza. Moja ni reli za pembetatu, injini inaingia ubavu mmoja, inarudi ubavu wa pili, inatokea wa tatu ikiwa imegeuka, hiyo haina kitu cha kuharibika ila inakula ardhi kubwa. Ya pili ni meza, inakaa kwenye eneo dogo ila inataka chuma, grisi na watu wa kuiangalia. Kwenu walichagua meza.

Hizo injini za daraja la 29, 30 na 31 zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, kila moja na kibao chake pembeni. Namba 3020 inaitwa Nyaturu, na ipo mpaka leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Ukipata nafasi ya kwenda Nairobi mpigie babu picha ya hiyo injini, kama si hiyohiyo aliyoisukuma, pengine ni ndugu yake.

Twende kwa Mjerumani sasa. Hili nalijibu kwa tarehe tu maana tarehe hazibishani. Reli ya Kati Mjerumani alianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, akafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Vita ikaingia. Mwanza Waingereza waliiteka Julai 1916, Tabora Wabelgiji waliichukua Septemba mwaka huohuo, Mjerumani kaondoka. Tawi la Tabora kuja Mwanza limejengwa na Mwingereza, na limefika ziwani mwaka 1928. Miaka 12 baada ya Mjerumani kuondoka. Kabla ya hapo mzigo wa Mwanza ulivushwa kwa meli kwenda Kisumu, ukapanda reli ya Uganda kwenda Mombasa, hakukuwa na treni hata moja hapo kwenu. Sasa meza ya kugeuzia injini huwezi kuijenga porini pasipo na reli. Kwenye picha ya tatu umeipiga ile reli iliyopinda kwa karibu, shavuni kuna herufi zimeinuka, futa kutu kwa brashi ya waya taratibu utasoma jina la kiwanda na mwaka ilipotengenezwa, mimi naona kama 192 na tarakimu ya mwisho imeliwa. Huo ni mwaka wa kiwandani, sio wa kujengwa, reli inaweza kukaa stoo au kuhamishwa kutoka sehemu nyingine, kwa hiyo peke yake haithibitishi, lakini ukiiweka pamoja na historia ya njia yenyewe inakaa palepale inapotakiwa.

Hata hivyo sitaki nikudanganye kwamba hizi habari za mali za Mjerumani zimetoka hewani. Zina mizizi, na mmoja wa mizizi hiyo uko kwenye karakana ya reli kweli. Mwaka 1916 Mjerumani akiwa amezingirwa, hela hazifiki kutoka kwao, alitengeneza sarafu zake mwenyewe kule Lulanguru, kilomita kama 20 mashariki ya Tabora, ndani ya karakana ya reli. Zilikuwepo za shaba, na ilikuwepo ya dhahabu ya rupia 15, upande mmoja ina tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke huko Singida. Zilitengenezwa 16,198. Kwa hiyo yes, dhahabu, Mjerumani na karakana ya reli vimewahi kukaa chini ya paa moja. Lakini zile sarafu zilitengenezwa zitumike, kulipia watu na vitu, na zimezagaa duniani, leo zinauzwa kwenye minada ya wakusanya sarafu. Na Lulanguru ni Reli ya Kati, sio njia yenu ambayo ilikuwa haijazaliwa.

Mzizi wa pili ni Liemba ya Kigoma. Ile meli Mjerumani aliileta kwa vipande kwa treni, ikaitwa Graf von Götzen, na Julai 1916 alipoona anashindwa akaizamisha mwenyewe Ziwa Tanganyika, ila kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nene zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Sasa mwananchi aliyeona meli inafichwa chini ya maji na kuibuliwa inafanya kazi, utamlaumu vipi akiamini kuna vingine vimefichwa? Mimi simlaumu. Ninayemlaumu ni anayekuja kuuza hiyo imani kwa milioni mbili na laki tatu.

Na hapa tuongee kuhusu mashine yake. Kifaa cha kupima metali kina koili ndani ya ile sahani, koili inatuma mawimbi ya sumaku chini, yakikutana na metali yoyote yanazalisha umeme kidogo ndani ya hiyo metali, na ule umeme unarudisha mawimbi yake, kifaa kinasikia kinalia. Metali yoyote mwanangu. Sasa pale katikati kuna nini? Bolti nne nene kama mkono wa mtoto zimezama kwenye zege, na bamba la chuma lililozishika kwa chini, na pengine nondo. Kisingelia pale kingelia wapi? Vifaa vingi vya kushika mkononi kitu kidogo kama sarafu havikioni zaidi ya dhiraa moja chini, nyingi hata nusu hazifiki, na zipo ambazo zinajaribu kutofautisha chuma na metali nyingine lakini ukiiweka juu ya lundo la chuma namna hiyo imepofuka, haiwezi kukwambia chini ya chuma kuna dhahabu. Kama unataka baba mdogo aone kwa macho yake, mwambie yule jamaa apite na mashine yake kwenye nguzo ya zege yenye nondo mliyoimwaga wenyewe, italia vilevile, na mnajua mlichoweka ndani.

Halafu angalia mwendo wake, ameomba hela ya kufungulia, ikiisha ataomba ya kuongezea, kila mara kuna kitu kimebaki kidogo. Hela ya kwanza imeshakwenda na inauma, najua, na ndo inayomfanya aone bora aongeze kuliko kukubali. Msimseme mbele ya watu, mtu mzima ukimwaibisha anang'ang'ana. Mkae naye nyumbani, wewe na babu, umuoneshe hizo tarehe, 1916 na 1928, umuulize tu Mjerumani alizikaje mali kwenye shimo ambalo halikuwepo. Kisha mwende polisi mkafungue taarifa, mkiwa na meseji na miamala ya simu, msizifute. Siwezi kukuahidi hela itarudi. Kinachowezekana ni asichukue za nyumba ya pili.

Tundu la ukutani. Hilo ni mtaro wa kutolea maji. Fikiria shimo la mita 18 kwa mvua zetu za masika, bila njia ya kutoa maji lingekuwa bwawa, mhimili unaoza na grisi inaelea, kwa hiyo kila shimo la meza lina mtaro unaotoka kwenda sehemu ya chini zaidi, mara nyingi ni mita makumi machache tu unatokea kwenye korongo. Ziwani hauendi, kutoka kwenu mpaka ziwani ni safari ya treni. Tafuta mdomo wake upande ardhi inapoteremka, utaukuta kwenye majani. Ila usiingie, na watoto wasiingie, hili nalisema kwa uzito wote. Mtaro wa miaka karibu 100 unaweza kukatika juu yako, hewa ndani inaweza kuwa mbovu kiasi cha kumlegeza mtu kabla hajajua, na nyoka wanapenda sana pahali penye ubaridi pa namna hiyo. Aliyechomwa na chuma chenye kutu hapo aende kituo cha afya apate sindano ya pepopunda siku hiyohiyo, asisubiri kidonda kivimbe. Na kama kwenye mabaki ya karakana mkikuta kitu cheupe au kijivu chenye nyuzinyuzi kama pamba ngumu, kimezungushiwa bomba au kimetupwa kwenye lundo, msikivunje wala kukifagia, inaweza kuwa asbesto, ndo ilikuwa inafungiwa maboila yasipoteze joto, na vumbi lake linaharibu mapafu taratibu miaka mingi baadaye.

Umeuliza pia kwenye ujumbe wa pili kwamba kijiji kinafikiria kulifukia au kuuza vyuma vilivyobaki. Kuuza hapana, hiyo ni mali ya Shirika la Reli hata kama imekaa kwenye majani miaka 40, na shirika la sasa lina sheria yake ya mwaka 2017, mnunuzi wa vyuma chakavu atakimbia na mtakaobaki kujibu ni ninyi. Kufukia nakuelewa, kuna watoto na ng'ombe wanaweza kutumbukia. Lakini nusu ya kazi hiyo inafanywa na uzio wa miti na miba kuzunguka ukingo, kazi ya siku moja, na historia inabaki. Mimi ushauri wangu ni mwende na barua ya serikali ya kijiji kwa stesheni masta aliye karibu, mwombe mhandisi wa reli aje aangalie kwa macho, ukingo unaweza kuwa umepasuka kwa nyuma na mimi kwa picha za simu siwezi kuona hilo. Nakala mpeleke ofisi ya utamaduni ya wilaya, na Idara ya Mambo ya Kale. Nikwambie ukweli, haitakuwa haraka, na msitegemee watalii watakuja kesho. Kuna sehemu imewezekana, London kuna jengo la duara la Camden la mwaka 1847, ndani yake palikuwa na meza kama hii inagawa injini kwenye vibanda vyake, injini zikarefuka zikaishinda ndani ya miaka kama kumi tu, likageuka stoo ya pombe kwa miaka mingi, leo ni ukumbi wa muziki. Ila wale wana jengo zima, ninyi mna shimo, na shimo bila mtu wa kulielezea halina la kusema.

Kilichoziua meza ni hikohiko cha urefu. Zilikuja Garratt, injini zenye boila katikati na seti mbili za magurudumu mbele na nyuma, zile kubwa za daraja la 59 za njia ya Mombasa na Nairobi zilikuwa 34, kila moja tani 252, hazitoshi kwenye meza ya futi 60 na wala hazikuhitaji sana kugeuzwa, zinakwenda pande zote. Kisha dizeli ikaja, ikamaliza. Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika, kila nchi ikabaki na reli yake, na meza ambayo haina injini ya kugeuza haipakwi grisi. Chuma cha daraja kikaondoka, kwa halali au kwa usiku, mimi nimeona zaidi ya sehemu moja ambapo kimebaki kisiki tu kama cha kwenu, na kila nikiona naumia, kwa sababu waliozisukuma wanaondoka mmoja mmoja na hakuna aliyewauliza.

Wenu bado yupo. Jumapili mchukulieni bajaji, mpelekeni mpaka ukingoni, mbebeeni kigoda akae kivulini, na simu iwe inarekodi kabla hajaanza kuongea. Msimuulize "ilikuwaje", hilo ni kubwa mno. Muulize vitu vidogo. Walikuwa wangapi kwenye kusukuma, na nani alikuwa anatoa amri. Walisukuma kufuata jua au kinyume. Grisi ilipakwa kila siku au kila wiki, na ilitoka kwenye kopo la namna gani. Injini ya jina gani ilikuwa ngumu kukaa mizani. Kulikuwa na mtu aliyewahi kuumia. Na kuna moja nataka mimi mwenyewe: lazima palikuwa na komeo, chuma cha kulifunga daraja lisitembee wakati injini inapanda na kushuka, na komeo huwa linaacha tundu la mraba ukingoni pale reli za nje zinapokutana na daraja. Kwenye picha zako zote nne nimelitafuta sijaliona, nadhani liko upande wa tangi chini ya ule udongo uliomomonyoka. Mwambie babu anyooshe kidole, ufukue hapo kidogo kwa mkono, halafu unitumie picha.